Kutoka Mkuu hadi Wimbledon: bingwa wa tenisi hulelewa na uwanja ulio wazi

Julai 2022, kwenye nyasi za Wimbledon jijini London, wasichana wanne walicheza fainali ya vijana ya wawili wawili. Upande mmoja alikuwapo Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili walisimama Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, binti wa wazazi waliohamia Amerika Kaskazini kutoka Kongo. Okutoyi na Nijkamp walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, kisha wakashinda pointi za kuamua mshindi, 11-9. Siku hiyo Okutoyi, akiwa na miaka 18, alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam.

Agosti 2025, Mboko naye akiwa na miaka 18, alimfunga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1 katika fainali ya mashindano ya Canada mjini Montreal. Ulikuwa ubingwa wa wakubwa, na dunia nzima ya tenisi ilimtazama. Okutoyi kwa upande wake alikuwa ameshatwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra, Machi 2024, na alikuwa amechagua kusoma huku akicheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, Marekani.

Wasichana hawa waliwahi kutenganishwa na pointi mbili tu. Kilichofanya barabara zao ziwe na urefu tofauti ni mazingira waliyokulia. Mboko alikulia kwenye jiji lenye viwanja vya ndani kwa majira ya baridi, akiwa na kaka na dada waliomtangulia kwenye mchezo na wapinzani wa rika lake wasiokauka. Okutoyi alilazimika kuondoka nyumbani akiwa bado mtoto ili awapate wapinzani wa namna hiyo.

Wazazi wa Mkuu, Rombo, mkoani Kilimanjaro, na wenzao wa Marangu, Machame, Kibosho na Moshi mjini wana haki ya kuuliza kama mtoto wa mlimani anaweza kufika huko. Anaweza. Lakini waliofika wanatufundisha kwamba kipaji na pesa huja baadaye. Kwanza ni uwanja ulio wazi, karibu na mahali mtoto anapolala, na mtu mzima mmoja asiyechoka naye kwa miaka kumi.

Waliokulia kando ya uwanja

Okutoyi alizaliwa Nairobi Januari 2004, yeye na pacha wake, na mama yao hakuishi kuwalea. Bibi yao ndiye aliyewachukua. Bibi huyo alikuwa mfanyakazi wa usafi katika shule ya Loreto Convent Valley Road, na familia iliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa shule. Shule ilikuwa na uwanja wa tenisi. Mapacha walianza kugonga mpira pale wakiwa wadogo kabisa, kwa sababu uwanja ulikuwa mlangoni mwao na waliruhusiwa kuutumia. Baadaye Angella alipitia kituo cha Afrika Mashariki cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF), kilichokuwa Bujumbura, hadi machafuko ya Burundi yalipowarudisha watoto makwao. Kisha akaenda kwenye kituo cha Casablanca, Morocco, ambako vijana bora wa Afrika waliishi, walisoma na kufanya mazoezi pamoja.

Marekani kuna kisa kinachofanana na hicho. Baba wa Frances Tiafoe, mhamiaji kutoka Sierra Leone, alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa kituo cha tenisi cha vijana mjini College Park, Maryland. Ujenzi ulipokwisha aliajiriwa kusimamia matengenezo, akapewa chumba cha ofisi kilichokuwa hakitumiki. Frances na pacha wake Franklin walilala humo na baba yao siku nyingi za wiki, na kulipokucha walikuwa tayari uwanjani. Septemba 2022 Frances alimfunga Rafael Nadal kwenye US Open na kufika nusu fainali.

Ons Jabeur wa Tunisia aliletwa kwenye mchezo na mama yake akiwa na miaka mitatu. Mji wao wa Hammam Sousse ulikuwa na klabu isiyo na viwanja vyake, hivyo watoto walifanya mazoezi kwenye viwanja vya hoteli za watalii. Alipokua kidogo alihamia shule ya michezo ya taifa mjini Tunis. Mwaka 2011 alishinda mashindano ya vijana ya Ufaransa, na 2022 na 2023 alicheza fainali ya Wimbledon ya wakubwa.

Hata Burundi, nchi yenye uchumi mdogo kuliko wetu, imewatoa wachezaji kama Sada Nahimana, aliyecheza mashindano ya vijana ya Grand Slam, na Guy Orly Iradukunda, aliyechezea Chuo Kikuu cha Florida State. Hayo yaliwezekana kwa sababu Bujumbura ilikuwa na viwanja vya udongo, makocha waliokaa navyo miaka mingi, na watoto walioruhusiwa kuingia.

Mfanyakazi wa usafi, fundi wa matengenezo na mama mpenda tenisi hawakuwa na utajiri wa kununua ubingwa. Walikuwa na ukaribu na uwanja, na walikuwa na subira.

Mlima una nini

Tenisi inadai ardhi tambarare, na tambarare ni kitu adimu Rombo. Eneo la kuchezea lina urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97, lakini ukiongeza nafasi ya kukimbia nyuma na pembeni unahitaji kama mita 36.57 kwa 18.29. Hiyo ni sehemu ya sita ya eka. Kwenye kihamba, shamba la ukoo lililogawiwa wana, likagawiwa tena wajukuu, migomba na kahawa vikibanana na nyumba, sehemu ya sita ya eka ni urithi wa mtu. Tena ardhi yenyewe imeinama: lazima uchimbe upande wa juu, ujaze upande wa chini, ujenge ukuta wa kuzuia udongo na mfereji wa kutoa maji, la sivyo masika ya Machi hadi Mei yataondoka na kazi yako.

Ndiyo maana viwanja vya tenisi vilivyopo mkoani vimejificha nyuma ya mageti ya klabu, ya shule zenye ada kubwa na ya hoteli. Mtoto wa kawaida huingia humo kwa mlango mmoja: kuokota mipira. Mlango huo usidharauliwe. Nchini kwetu si wachache waliogeuka makocha baada ya kuanza kama waokota mipira kwenye klabu kama Gymkhana za Dar es Salaam na Arusha, wakijifunza kwa macho na kucheza jioni wanachama walipoondoka. Lakini mwokota mipira hupata raketi mkononi akiwa na miaka kumi na miwili au zaidi, na kufikia hapo mwenzake wa Casablanca ameshacheza miaka sita.

Habari njema ni kwamba mtoto wa miaka sita hahitaji uwanja wa mita 24. Tangu 2012, sheria za tenisi zinataka mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yachezwe kwa mipira laini yenye rangi. Mpira mwekundu una kasi pungufu kwa asilimia 75 kuliko mpira wa kawaida, na uwanja wake una urefu wa mita 11 hivi. Mpira wa rangi ya chungwa una kasi nusu, kwenye uwanja wa mita 18. Wa kijani umepungua kwa robo, na huo ndio huchezwa kwenye uwanja mzima kabla ya kuingia mpira wa njano.

Sasa fikiria shule ya msingi yoyote pale Mkuu. Karibu kila shule ina uwanja wa netiboli, na uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Ukiupanga kwa upana, unaingiza viwanja vinne vya mpira mwekundu vilivyo sambamba, kila kimoja mita 11 kwa 5.5, na nafasi ya kupita katikati inabaki. Neti inatosha kuwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye nguzo ya netiboli ya upande mmoja hadi nguzo ya upande wa pili, katikati ikishikiliwa na mti uliochimbiwa ili isilegee chini ya sentimita 80, na vitambaa vikining'inia ili mtoto aione. Mistari huchorwa kwa chokaa. Ardhi iliyoshindiliwa na miguu ya wasichana wa netiboli kwa miaka mingi inadundisha mpira laini vizuri. Watoto kumi na sita wanaweza kucheza kwa wakati mmoja, wanne kila uwanja, na mwalimu mmoja anawaona wote.

Kwa hiyo Rombo, Hai, Siha na Moshi Vijijini tayari zina mamia ya viwanja vya tenisi vya watoto. Kinachokosekana ni raketi fupi, mipira laini na mwalimu aliyefundishwa siku chache. ITF ina mpango wa kupeleka tenisi shuleni kupitia vyama vya taifa, nasi tuna Chama cha Tenisi Tanzania (TTA) cha kuelekezea ombi hilo. Shule zikiomba kwa pamoja, kata nzima, ombi lina uzito kuliko shule moja kupiga hodi peke yake.

Miaka sita hadi kumi: aupende kwanza

Katika umri huu kazi ya mzazi ni moja: mtoto atamani kurudi kesho. Kocha mzuri wa watoto wadogo utamjua kwa namna mipira inavyokwenda. Kama watoto kumi wamesimama mstari wakisubiri zamu ya kupiga mpira mmoja, hapo hakuna mafunzo. Kama kila mtoto ana mpira, anarusha, anadaka, anapiga ukutani, anagombania pointi na mwenzake huku anacheka, hapo pana mafunzo hata kama raketi ni kuukuu.

Ukuta ni mwalimu asiyelipwa. Chora mstari wa chokaa kwenye ukuta wa darasa lisilo na madirisha upande huo, mita moja hivi kutoka chini, umwambie mtoto mpira upite juu ya mstari. Atarudia mara mia kwa jioni moja bila kuambiwa, na mkono wake utajifunza kitu ambacho maelezo ya kocha hayawezi kumpa. Mipira iliyoisha pumzi inayotupwa na klabu za mjini inafaa kabisa kwa kazi hii. Kwa mtoto anayeanza mpira mlegevu ni bora kuliko mpya, kwa kuwa unampa muda wa kujipanga.

Asicheze tenisi peke yake. Roger Federer alicheza soka na michezo mingine utotoni, na Jannik Sinner alishindana kwenye mchezo wa kuteleza kwenye theluji hadi alipokaribia miaka 13. Mtoto wa Mkuu anayekimbia kwenda shule kwenye mteremko, anayerusha mawe kuangusha parachichi na kucheza soka njia panda, tayari anajenga miguu, bega na jicho. Usimnyang'anye hayo kwa jina la mazoezi.

Miaka kumi hadi kumi na minne: ajifunze kushindwa

Mashindano yanapoanza, mzazi anatakiwa kuijua hesabu ya tenisi mapema. Kwenye droo ya wachezaji 32, 31 watarudi nyumbani wameshindwa, na 16 kati yao watashindwa siku ya kwanza. Mtoto mwenye kipaji kikubwa atapoteza mechi nyingi mno kabla hajafika popote. Mzazi anayenuna njiani kurudi nyumbani, anayehesabu nauli na ada mbele ya mtoto, anamfundisha kuogopa. Safari ya kutoka Moshi hadi Mkuu inatosha kununua mahindi ya kuchoma, kuongea mambo ya shule, na kuiacha mechi mpaka kesho.

Katika mechi nyingi za watoto hakuna mwamuzi kila uwanja. Mtoto mwenyewe ndiye anayetamka kama mpira uliotua upande wake umetoka au umeingia, na ndiye anayehesabu pointi kwa sauti. Mtoto wa miaka 11, akiwa nyuma 4-5, mpinzani amepiga mpira uliogusa mstari kwa upana wa ukucha, hakuna aliyeona isipokuwa yeye. Anachosema hapo amekitoa nyumbani. Mzazi anayempongeza mwanawe kwa kuita kwa haki na akapoteza pointi, amefanya kazi kubwa kuliko kumnunulia viatu vipya.

Wapinzani watoke wapi? Hapa Mkuu ina bahati ambayo wengi hawaioni. Kupitia Tarakea na Loitokitok, mzazi wa Rombo yuko karibu zaidi na Nairobi kuliko na Dar es Salaam, na Nairobi ndiyo yenye watoto wengi wanaocheza tenisi ya ushindani katika ukanda wetu. Arusha nayo iko karibu. Mtoto aliyefikia kushinda wenzake wote wa Moshi anahitaji kupata watakaomfunga, na hao wako ndani ya safari ya siku moja. Mbele zaidi kuna mashindano ya Afrika Mashariki kwa walio chini ya miaka 14, yanayoandaliwa na ITF pamoja na shirikisho la Afrika. Wanaofanya vizuri hapo huendelea hadi ngazi ya bara, na hapo ndipo macho ya ITF huwaona.

Mwinuko nao una somo lake. Sheria za tenisi zinatambua mipira maalumu kwa maeneo yaliyo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa nyepesi huufanya mpira uruke kwa kasi. Vijiji vya juu vya Rombo vimepita kimo hicho, na Nairobi imekipita kwa mbali. Mtoto aliyezoea mlimani hujifunza kuudhibiti mpira kwa kuuzungusha, na hiyo ni silaha. Akishuka Dar es Salaam, mpira ule ule atauona mzito, utafika umechelewa, na joto litammaliza katika seti ya kwanza. Kocha anayejua atamshusha siku mbili kabla ya mechi, amnyweshe maji ya kutosha, na amwambie mapema kwamba mipira itakayogota kwenye neti siku ya kwanza si dalili ya kuharibika kwa mkono wake.

Shule na fedha

Mlimani, swali la kwanza la babu, shangazi na mwalimu mkuu litakuwa moja: huyu mtoto atasoma saa ngapi? Ni swali la heshima. Watu wa Kilimanjaro walijenga shule kwa fedha ya kahawa tangu enzi za chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa 1933, na hawako tayari kuona darasa likiachwa kwa ajili ya mchezo. Hawapaswi kuwa tayari.

Ukweli wa fedha za tenisi unawaunga mkono. Uchunguzi wa ITF ulionyesha kwamba mwaka 2013 mchezaji wa kiume alihitaji kuwa kwenye nafasi ya 336 duniani, na wa kike nafasi ya 253, ili mapato ya mashindano yafikie gharama zake. Gharama hizo zilikuwa karibu dola 40,000 kwa mwaka bila kuhesabu malipo ya kocha. Walio chini ya nafasi hizo, na ni maelfu, walicheza kwa hasara. Mzazi anayeuza shamba akitegemea mtoto atalirudisha kwa raketi anaiweka familia nzima kwenye hatari ambayo mtoto hawezi kuibeba.

Lakini kuna njia ya katikati, na ndiyo aliyoichukua Okutoyi. Vyuo vikuu vya Marekani hutoa ufadhili kwa wachezaji wa tenisi. Kwa miaka mingi, timu ya wanawake ya daraja la juu iliruhusiwa nafasi 8 za ufadhili kamili, na ya wanaume ufadhili wenye thamani ya nafasi 4.5. Mwanafunzi anapata shahada, makocha, viwanja, tiba na wapinzani wakali kwa miaka minne, kisha akiwa na miaka 22 anaamua kama atajaribu uchezaji wa kulipwa. Njia hiyo inadai mambo mawili kwa pamoja: matokeo ya mashindano ya vijana ya kimataifa, ambayo mtoto huruhusiwa kuyacheza kuanzia miaka 13, na alama nzuri za shule, Kiingereza na hesabu. Mtoto aliyeacha shule kwa ajili ya tenisi amejifungia mlango wenyewe ambao tenisi ingemfungulia.

Kwa hiyo ratiba ipangwe kwa kuheshimu kalenda yetu. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba. Miezi miwili kabla ya mitihani hiyo, mazoezi yapungue hadi kiasi cha kuulinda mkono usisahau. Likizo za Juni na Desemba ndizo za mashindano. Mwalimu mkuu apewe ratiba hiyo kwa maandishi mwanzoni mwa mwaka, naye atakuwa mlezi wa pili badala ya kuwa kikwazo.

Mwili wa mtoto na usalama wake

Mti wa kahawa uliolazimishwa kuzaa kabla ya wakati hutoa mavuno ya msimu mmoja na kukauka matawi. Tenisi ina historia ya watoto waliovunwa namna hiyo. Jennifer Capriati wa Marekani aliingia uchezaji wa kulipwa mwaka 1990 akiwa na miaka 13. Mwaka 1992 alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Barcelona. Miaka miwili baadaye alikuwa amechoka kiasi cha kuuacha mchezo, na ilimchukua hadi 2001 kutwaa Grand Slam yake ya kwanza. Mkasa wake ulichangia chama cha wachezaji wa kike, WTA, kuweka mwaka 1995 kanuni zinazozuia wasichana wadogo kucheza mashindano mengi. Richard Williams naye aliwaondoa binti zake Venus na Serena kwenye mashindano ya watoto wakiwa bado wadogo, watu wakamshangaa. Matokeo yake tunayajua.

Kuna kipimo rahisi ambacho mzazi anaweza kukikumbuka. Utafiti wa daktari Neeru Jayanthi na wenzake, uliochapishwa 2015 baada ya kuchunguza vijana zaidi ya 1,000, ulionyesha kuwa mtoto anayefanya mazoezi ya mchezo kwa saa nyingi kwa wiki kuliko idadi ya miaka yake yuko kwenye hatari zaidi ya kupata majeraha mabaya ya kujichosha. Mtoto wa miaka kumi asivuke saa kumi kwa wiki. Wa miaka kumi na miwili, saa kumi na mbili. Maumivu ya bega, kiwiko au mgongo yanayodumu wiki mbili yasifukizwe kwa majani wala kukandwa na jirani tu. Moshi ina hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa 1971, yenye wataalamu wa mifupa na wa mazoezi ya viungo. Wilaya chache nchini zina msaada huo karibu namna hii.

Chakula kisigeuzwe fumbo. Ndizi, maharage, maziwa, mayai, mboga, parachichi na bakuli la mtori baada ya mazoezi vinamtosha mtoto anayekua. Anachohitaji zaidi ni kulala mapema, na kifungua kinywa kabla ya kwenda uwanjani asubuhi ya baridi ya Juni na Julai.

Na kuna jambo ambalo wazazi huona haya kulisema. Mtoto anayesafiri na kocha, anayelala nje ya nyumbani na kufundishwa peke yake na mtu mzima, anahitaji ulinzi. Mzazi aseme wazi tangu siku ya kwanza: mazoezi yafanyike mahali panapoonekana, mtoto asilale chumba kimoja na kocha, msichana asisafiri bila mwanamke mtu mzima kwenye msafara, na simu za mzazi zipokelewe wakati wowote. Kocha mwaminifu hataudhika. Anayeudhika ameshajibu swali.

Desemba mlima unapojaa

Kila Desemba, mabasi na magari hupanda mlimani yakiwa yamejaa. Wachaga wa Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na ughaibuni hurudi nyumbani, nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa, na vikao vya ukoo hukaa. Katika vikao hivyo watu wamechangia barabara, maji, makanisa, zahanati na madarasa. Mkoa ambako mbio za Kilimanjaro Marathon zilianza mwaka 2003 na huwavuta wakimbiaji wa dunia nzima hadi Moshi kila mwaka haushindwi kuandaa michezo.

Ninachoomba ni mambo matatu, na yote yanawezekana kabla ya Krismasi mbili zijazo. Klabu, hoteli na shule za Moshi na Marangu zenye viwanja vya tenisi zitenge jioni mbili kwa wiki kwa watoto wa shule za jirani, bila ada, chini ya kocha anayejulikana. Halmashauri za wilaya ziwaruhusu walimu wa michezo kuchora viwanja vidogo vya tenisi juu ya viwanja vya netiboli, na ziwatafutie mafunzo kupitia TTA. UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, imewapa watoto wetu jukwaa la soka, netiboli na riadha. Kata zikishakuwa na watoto wanaocheza, hoja ya kuwawekea jukwaa la tenisi itajisimamia yenyewe. Na kikao kimoja cha ukoo, au kundi moja la waliosoma shule moja pale Mkuu, lichangie uwanja mmoja kamili wa saruji kwenye eneo la shule ya umma, wenye mfereji, uzio na ukuta wa kugongea mpira, ufunguo ukae kwa mwalimu na saa za watoto ziandikwe getini.

Huenda mtoto wa kwanza atakayepita kwenye uwanja huo asifike Wimbledon. Atapata afya, nidhamu, marafiki wa Arusha na Nairobi, na pengine nafasi ya chuo. Lakini kati ya watoto mia tano watakaopita hapo kwa miaka kumi, atapatikana mmoja mwenye mkono, miguu na moyo wa kuendelea, na safari hii hatalazimika kuzaliwa jirani na shule ya watu wengine ili aonekane. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kumtunza mtoto wa Mkuu kunaanza kwa kumpa kwao pa kuchezea, na hilo liko mikononi mwetu sisi wenyewe, mwaka huu.